Bweni la Northcote, Makerere: jina lililofutwa kwa kosa lisilo lake

Ukimkuta msomi wa makamo aliyepita Makerere, usimwulize alisomea nini. Mwulize alikaa bweni gani. Shahada ataitaja kwa sentensi moja, lakini bweni litamaliza jioni. Ataanza na nyimbo, ataingia kwenye majina ya utani, atafika kwenye mgomo fulani wa chakula, na kabla hamjaagana atakuwa ameshakuhakikishia kwamba mabweni mengine yote yalikuwa ya wazembe. Na kama alikaa lile ambalo leo linaitwa Nsibirwa, yawezekana sana jina hilo lisimtoke mdomoni hata mara moja. Yeye ni wa Northcote, basi.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho cha jina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, uongozi wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliokwisha kuchoshwa na fujo za wakazi wa Northcote, uliamua kulifuta jina hilo na kuliita bweni Nsibirwa, kwa heshima ya Martin Luther Nsibirwa, waziri mkuu wa Buganda aliyeuawa mwaka 1945. Kwa juujuu ni habari ya kawaida: jina la mzungu limetoka, la Mwafrika limeingia, makofi. Ukichimba unakuta kwamba jina la kwanza lilistahili kuondoka kwa sababu nzito, la pili lilistahili kuja kwa sababu nzito zaidi, na uamuzi wenyewe ulifanywa kwa sababu ya tatu ambayo haihusiani na yoyote kati ya hizo mbili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Aliyechomwa mkuki Kisii

Geoffry Alexander Stafford Northcote aliingia Afrika Mashariki mwaka 1904 akiwa afisa kijana wa utawala wa Kiingereza. Miaka michache baadaye alipelekwa nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya ya leo, kuendesha kituo kipya cha serikali pale Kisii. Wenyeji walimwita Nyarigoti. Kazi yake ilikuwa ile ya kila bwana shauri wa zama zile: kukusanya kodi, kukata kesi, na kuwazoesha watu serikali ambayo hawakuiomba. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimvizia njiani akamchoma mkuki. Mapokeo ya Wagusii humtaja Otenyo sambamba na Moraa, mama mtabiri aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa na wageni.

Northcote hakufa. Waliokufa ni wengine. Kikosi cha adhabu kilitumwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na watu wakauawa kwa kiasi ambacho hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni mjini London, alituma simu kulalamikia ukubwa wa mauaji ya watu wasioweza kujitetea. Ukiona Churchill analalamika kwamba Waafrika wameuawa kupita kiasi, jua hali ilikuwa mbaya. Otenyo alikamatwa akauawa. Hadi leo Wagusii wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wanadai kirudishwe kizikwe.

Mambo yalimnyookea Northcote. Alihudumu Gold Coast, akawa gavana wa Guyana ya Waingereza, kisha gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Baada ya kustaafu alirudi huku, akawa mwenyekiti wa Baraza la Chuo cha Makerere wakati chuo kinajiandaa kupandishwa hadhi. Alifariki mwaka 1948. Mwaka uliofuata Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na katika mabweni yaliyojengwa baada ya vita, moja likapewa jina lake.

Waliomwenzi walikuwa na sababu yao: walimkumbuka mzee mwenye heshima aliyekaa kwenye kiti cha baraza. Habari ya Kisii ilikuwa ya zamani, tena ya wilaya nyingine na koloni jingine. Lakini Makerere ya wakati huo ilikuwa inapokea vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, maana hapakuwa na chuo kingine cha hadhi hiyo katika ukanda wote huu. Maana yake ni kwamba kijana Mgusii angeweza kupangiwa chumba katika bweni lenye jina la Nyarigoti, akaambiwa alione fahari.

Majoho mekundu

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imejaa tamaduni za Oxford na Cambridge. Wanafunzi walivaa majoho mekundu. Kila bweni lilikuwa na wadeni, yaani mlezi wa bweni, mara nyingi mhadhiri wa Kiingereza aliyeishi jirani na vijana wake. Pia lilikuwa na jumba lake la chakula, timu zake, serikali yake ndogo na vikombe vyake. Mashindano baina ya mabweni yalikuwa ya mpira, riadha, muziki, mijadala na maigizo, na ushindi ulihesabiwa kuwa wa nyumba nzima.

Northcote ya zama hizo ndiyo iliyomlea Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Makerere mwaka 1959 akitokea Limuru. Mlezi wake wa bweni alikuwa Hugh Dinwiddy, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza aliyewahi kucheza kriketi ya daraja la juu kwao. Ngũgĩ aliandika michezo mifupi ya kuigiza kwa ajili ya mashindano ya mabweni, kama vile mwingine angefunga goli kwa ajili ya timu ya bweni lake. Mmoja wa michezo hiyo ulimhusu mpiganaji wa Mau Mau anayerudi kutoka kizuizini na kukuta afisa mzungu amemharibia mkewe. Ulipita vizuri chuoni, lakini ukakataliwa kuoneshwa katika ukumbi wa Taifa wa maigizo mjini Kampala. Wakubwa hawakutaka kuamini kwamba afisa wa Kiingereza angeweza kutenda jambo la namna hiyo.

Mchezo huo uliandikwa katika bweni lililopewa jina la afisa wa Kiingereza ambaye jeraha lake lilisababisha Wagusii wachomewe nyumba. Simsemei Ngũgĩ kama alikuwa na habari hiyo au hakuwa nayo. Ninachosema ni kwamba kama kuna hoja iliyotosha kulibadili jina la bweni, ilikuwa hiyo, na ilikuwa mezani tangu 1962 Uganda ilipopata uhuru. Hakuna aliyeiinua.

Chini ya adabu hiyo ya majoho, mila nyingine ilikuwa inakua: mgomo. Mwaka 1952 wanafunzi waligomea chakula, na Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress, akafukuzwa chuo. Uongozi wa kikoloni uliona siasa ndani ya sahani ya maharage, na haukukosea sana. Chakula cha bweni ndicho kilichowafanya vijana wa makabila na nchi mbalimbali wakae benchi moja na kulalamika kwa sauti moja.

Pembeni kidogo: Box na wenzake

Northcote haieleweki bila majirani zake, kwa hiyo niyapitie haraka. Wanawake walianza kupokewa Makerere mwaka 1945, sita tu, na chuo kikalazimika kuachana na kaulimbiu iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume, kikachukua hii iliyopo ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Bweni lao, Mary Stuart, lilipewa jina la mke wa Askofu Cyril Stuart. Wanafunzi wakaliita Box, na wakazi wake mpaka leo ni Boxers. Lumumba, bweni la wanaume, likafunga nao undugu, ukazaliwa muungano uitwao Lumbox. Livingstone wakaungana na Africa, wakawa Afrostone. Mitchell wakashikana na Complex, wakawa Mitchellex. Miungano hii ilipiga kura pamoja katika uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, ilikwenda disko pamoja, na ikigoma iligoma pamoja.

Kulikuwa pia na desturi ya "benching". Kijana wa kiume, shati limepigwa pasi, anakuja bweni la wasichana jioni, anajitambulisha kwa mlinzi wa mlangoni, anaketi na kungoja aitiwe mwenyewe. Wakati mwingine mwenyewe alikuwa hayupo. Wakati mwingine alikuwepo, tena anamchungulia kutoka ghorofani pamoja na wenzake, wanampa maksi. Kijana wa Northcote aliyekuwa "jenerali" mchana, jioni alikuwa raia wa kawaida kwenye kiti hicho, na nadhani ilimfaa.

Dola ndani ya chuo

Maana Northcote, kwa miaka ile iliyofuata, ilikuwa na majenerali. Kila bweni la Makerere lilikuwa na tabia yake, na tabia ya Northcote ilikuwa ya kijeshi. Viongozi walijipa vyeo vya jeshi. Bweni lilisemwa kuwa dola. Palikuwa na gwaride, nyimbo za mwendo, amri, na mwanafunzi mpya alipofika alipokewa kama kuruta. Walijivunia kile walichokiita roho ya Northcote, yaani ule moyo wa kushikamana hata mwenzako akiwa amekosea. Chuo kikigoma, wao walikuwa mstari wa mbele. Wakigombana na bweni jirani, haikuwa maneno matupu.

Tabia hiyo ilitoka wapi? Wapo wanaosema ni ujana tu. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno. Angalia ni nani waliokuwa wanalala humo. Aliyeingia chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1980 alizaliwa karibu na mapinduzi ya Idi Amin ya 1971. Alikuwa mtoto wakati majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala Aprili 1979. Aliona mapinduzi mengine 1985, na Januari 1986 akaona NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, wakishika mji. Katika maisha yake yote, kila aliyeshika nchi aliingia na bunduki. Kijana huyo akipewa nyumba yake ya kutawala, serikali anayoijua ni ipi?

Tena bunduki hizo zilifika mpaka mabwenini. Mwaka 1976 mwanafunzi wa kike kutoka Kenya alitoweka akiwa njiani kurudi kwao. Theresa Nanziri Bukenya, mwalimu wa hesabu na mlezi wa bweni la wasichana la Africa, alitakiwa kutoa maelezo kuhusu binti huyo. Alikataa kusema uongo. Alikuwa mjamzito. Aliuawa. Agosti mwaka huohuo wanajeshi walivamia chuo, wakawatoa wanafunzi vyumbani na kuwapiga. Siwezi kuthibitisha kwamba gwaride la mzaha la Northcote lilizaliwa siku hiyo, na wala sidai hivyo. Nasema tu kwamba wanafunzi walioigiza jeshi walikuwa wanaigiza kitu ambacho chuo chao kilikuwa kimekionja.

Halafu ikaja njaa ya bajeti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza kuondoa posho za wanafunzi: nauli, vitabu, na ile fedha ya mkononi ambayo huko wanaiita "boom" na vyuo vya Tanzania vinaiita bumu. Wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 polisi walifyatua risasi, wanafunzi wawili wakafa chuoni. Baada ya hapo Makerere ikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia. Chuo kilichokuwa na wanafunzi wasiofika 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa na zaidi ya 30,000 miaka kumi na kitu baadaye. Vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hosteli za watu binafsi zikaota Wandegeya na Kikoni, mitaa ya jirani na chuo, kama uyoga.

Hapo Makerere ikafanya jambo ambalo watu wa nje hulipita bila kulitazama: iliendelea kumpangia kila mwanafunzi bweni, hata asiyelala humo. Barua ya kudahiliwa inakupa kozi, na inakupa bweni. Unaweza kukaa Kikoni miaka mitatu na usilale Northcote hata usiku mmoja, lakini ukawa wa Northcote kwa kura, kwa jezi na kwa ugomvi. Kwa hiyo bweni liliacha kuwa jengo. Lilikuwa ukoo, na wanaukoo wengi waliishi nje ya uzio wa chuo, mbali na macho ya mlezi wa bweni.

Huo ndio ugonjwa uliokuwepo chuo kilipoamua kutibu.

Dawa iliyochaguliwa

Uongozi wa chuo ulijiona umebakiwa na njia chache. Kuwaadhibu watu mmoja mmoja kulihitaji ushahidi, na katika nyumba ambayo sifa yake kubwa ni kutomtaja mwenzako, ushahidi haupatikani. Kulifunga bweni kabisa kulimaanisha kupoteza vitanda ambavyo tayari vilikuwa haba. Kulibadili matumizi, labda kuwapa wanafunzi wa shahada za juu au wasichana, kungezua kelele za wazazi na wabunge. Kubadili jina ni rahisi, kunaonekana, na kunatangazika. Jina likifa, walidhani, na zile nyimbo zitakosa pa kushika.

Na jina la kuweka lilikuwepo, tena zuri kuliko yote.

Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, kuanzia 1929. Alilazimika kujiuzulu mwaka 1941 baada ya sakata la mama wa Kabaka (mfalme wa Buganda), aliyetaka kuolewa tena na mtu wa kawaida kinyume cha desturi za Buganda. Nsibirwa alionekana kuiunga mkono ndoa hiyo, na wahafidhina hawakumsamehe. Januari 1945 Buganda ilikumbwa na ghasia, ikiwa imechoka na bei ya pamba, mishahara midogo na machifu. Katika mtikisiko uliofuata, Katikkiro aliyekuwepo, Samuel Wamala, aliondolewa, na Nsibirwa akarudishwa kwenye kiti katikati ya mwaka huo.

Kiti kilikuwa cha moto. Waingereza walitaka sheria ambayo ingemwezesha Kabaka kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kwa malipo. Ardhi iliyolengwa ilikuwa ya upanuzi wa Makerere na ya kituo cha utafiti wa pamba huko Namulonge. Kwa Muganda wa 1945 hakuna jambo lililouma kama ardhi. Tangu Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, ardhi ndiyo iliyomtofautisha mwenye nchi na mpangaji, na kila jirani alikuwa ameshasikia jinsi walowezi walivyochukua nyanda za juu za Kenya. Waliopinga hawakuwa wajinga. Waliona chuo leo, wakahofia mlowezi kesho.

Lukiiko, baraza la kutunga sheria la Buganda, liliipitisha sheria hiyo tarehe 4 Septemba 1945. Kesho yake asubuhi, Nsibirwa akiwa anaingia Kanisa Kuu la Namirembe kwa ibada, alipigwa risasi akafa hapohapo mlangoni.

Kwa maneno mengine, sehemu ya ardhi ambayo Makerere imeikalia ililipiwa kwa damu ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, siku inayojulikana, mahali panapojulikana, kilima cha pili kutoka chuoni. Unaweza kubishana kama alikuwa shujaa wa elimu au mtu aliyewaridhisha Waingereza kupita kiasi. Mjadala huo ungewafaa sana wanafunzi. Ila huwezi kusema jina lake halihusiani na Makerere. Linahusiana kuliko la Livingstone, ambaye hakufika Buganda kabisa.

Kwa nini halikushika

Sasa tazama jinsi jina hilo lilivyofika. Lilifika pamoja na karipio. Mwanafunzi wa Northcote alilisikia kwa mara ya kwanza katika sentensi moja na maneno fujo, nidhamu na amri ya baraza. Kwake yeye Nsibirwa hakuwa Katikkiro aliyeuawa mlangoni mwa kanisa. Alikuwa kufuli. Na watu walioshindwa kwa nguvu wana silaha moja isiyonyang'anyika, nayo ni kukataa kulitaja jina la mshindi. Ndiyo maana jina la Northcote lilianza kung'ang'aniwa kwa ukaidi kuliko lilipokuwa halali.

Hapa ndipo naona kichekesho kichungu cha kisa hiki. Vijana wa Kiafrika, tena wanaojiona wapinzani wa kila mamlaka, walisimama kulitetea jina la afisa wa kikoloni aliyekuwa chanzo cha msafara wa adhabu wa Kisii. Waliotakiwa kuwaambia hawakuwaambia. Sababu ya kuliondoa jina la Northcote ilikuwepo kwenye historia tangu 1908. Ingesemwa wazi, kwenye ukumbi, na mhadhiri wa historia, sidhani kama dola yote ya Northcote ingekuwa na jibu. Badala yake kosa walilosomewa lilikuwa lao wenyewe, la vioo vilivyovunjwa na mawe yaliyorushwa. Jina la Northcote likafa kwa kosa lisilo lake, na kwa sababu hiyo likaondoka safi, karibu lionekane limeonewa.

Kwamba ukoloni haukuwa hoja, majirani wanathibitisha. Mitchell limebaki Mitchell, na huyo ni Sir Philip Mitchell, gavana wa Uganda kuanzia 1935 hadi 1940, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Kenya mpaka ukingoni mwa Hali ya Hatari. Livingstone limebaki Livingstone, na Mary Stuart limebaki lilivyo. Laiti chuo kingekuwa kinasafisha majina, kingeyapitia yote. Kilipitia moja, lile lililokuwa na fujo. Lumumba na Nkrumah, majina yaliyokuja na msisimko wa uhuru, yalipokewa yakazoeleka, na wakazi wa Lumumba wanalitamka jina lao kwa majivuno yasiyo na mfano. Hakuna aliyewaletea jina hilo kama adhabu.

Kuna hitilafu nyingine, ya kiufundi zaidi. Mila ya bweni inaishi kwa mnyororo mfupi sana. Shahada nyingi za kwanza Makerere ni za miaka mitatu. Wa mwaka wa pili anamfundisha wa mwaka wa kwanza nyimbo, wa mwaka wa tatu anasimamia, kisha anaondoka. Ukiukata mnyororo huo kwa miaka mitatu mfululizo, hakuna anayebaki wa kufundisha. Jina jipya haliukati. Nyimbo ziko vichwani, na vichwa vingi, kama nilivyosema, vililala Kikoni. Huko amri ya baraza haikugusa chochote. Kijana aliyefika akiwa na barua iliyoandikwa Nsibirwa alikuta kaka zake wanaimba Northcote, akaimba Northcote, na jina la kwenye barua akalihesabu kama mambo ya ofisini.

Niutendee haki upande wa pili pia. Wapo watakaosema dawa ilifanya kazi, kwa kuwa lile gwaride kali la miaka ya 1990 limepungua makali. Limepungua kweli. Lakini limepungua katika mabweni yote, hata yale ambayo majina yake hayakuguswa. Mwanafunzi wa leo analipa hosteli, anatafuta kibarua, ana simu mkononi, na muda wa kuwa jenerali hana. Na pale makali yaliporudi, hayakuchagua jina. Mwaka 2019, wakati wa mgomo wa kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15, askari waliingia mabwenini, Lumumba likiwa mojawapo. Julai 2022 mwanafunzi wa chuo kingine aliuawa katika vurugu za kampeni za Guild, serikali ya wanafunzi, na chuo kikaisimamisha Guild. Uchaguzi uliporudi ulikuwa wa mtandaoni, bila maandamano wala mikutano ya hadhara. Hatua hiyo ya 2022 ilikwenda kwenye mnyororo wenyewe: iliondoa jukwaa ambalo mabweni yalikuwa yanapimania nguvu. Unaweza kuipinga, na wanafunzi wengi waliipinga kwa kuona imewaziba midomo, lakini angalau ililenga kitu kilichokuwa kinatenda.

Ningekuwa kwenye kikao kile cha baraza, ningeomba mambo mawili yatenganishwe. Fujo zishughulikiwe kama fujo: vyumba vigawanywe upya, wageni wa mwaka wa kwanza wasikabidhiwe mikononi mwa "maafisa", viongozi wa bweni wawajibike kwa mali iliyovunjwa. Halafu, mwaka mwingine kabisa, hasira zikiwa zimepoa, jina lijadiliwe. Ningeanza na Kisii. Ningewaalika watu wa Gusii waje waseme Nyarigoti alikuwa nani kwao. Kisha ningewauliza wakazi wenyewe: nani aipe nyumba hii jina lake? Yawezekana wangesema Nsibirwa. Yawezekana wangesema Theresa Nanziri Bukenya, ambaye kwa maoni yangu anastahili bweni lake zima pale mlimani. Na kama Nsibirwa angechaguliwa, ningependa kila mwanafunzi anayepangiwa humo apelekwe Namirembe wiki ya kwanza. Si mbali. Asimame kwenye ule mlango, aambiwe kilichotokea asubuhi ile ya Septemba, na aambiwe pia hoja za waliompinga, maana hazikuwa za kupuuzwa.

Jambo hili bado lina kazi mbele yake. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Uganda iliamuru majina ya kikoloni yaondolewe kwenye barabara na alama za Kampala, baada ya kesi iliyofunguliwa na wanaharakati waliolisukuma suala hilo tangu 2020. Chuo hakiwezi kujifanya hakikusikia. Zamu ya Mitchell itafika, pengine na ya Livingstone, na nina hakika tayari yupo mtu mwenye orodha ya majina mapya mfukoni. Kabla hajaitoa, aangalie kwanza kama wiki hiyo wana-Mitchell wamevunja kioo cha mtu. Kama wamevunja, angoje.